KIJANA, NANI ANACHIMBA KESHO YAKO?

Usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, ni dakika tatu tu.

Kuna neno vijana tunalipenda sana: "Maisha ni yangu, mwili ni wangu. Ninyi yanawahusu nini?" Je, ni kweli? Leo nataka ua la porini likujibu.

Nyanda za juu kusini mwa Tanzania kuna uwanda wa Kitulo, karibu meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa. Wakati wa mvua nyasi zinajaa maua ya okidi, aina zaidi ya 40. Uzuri ajabu! Lakini nenda mwezi wa Julai. Sakitu imeunguza majani, na moto ukipita unaacha weusi mtupu. Ua limekufa? Hapana! Chini ya udongo kuna kiazi kidogo, na moto haukifikii.

Ua likiwa limechanua, fukua pale chini polepole. Mara nyingi utakuta viazi viwili. Kimoja kimenyauka, maana ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili kigumu, kimejaa. Hicho ni cha mwakani.

Sasa sikia. Watu huvichimba viazi hivi, vikavushwa mpaka Zambia, vikatwangwa na kupikwa pamoja na karanga. Chakula hicho kinaitwa chikanda. Na mnunuzi hataki kilichonyauka. Anataka cha mwakani! Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilichimba. Nilijaza kopo, nikapata hela ya soda na maandazi, nikafurahi. Mwaka uliofuata nikarudi palepale. Hapakuwa na ua hata moja.

Wala si ua tu lililopotea. Nondo na vipepeo hunywa utamu wa maua yale. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayezaa Kitulo, hula wadudu warukao. Ukimaliza maua, umepunguza meza ya wengi.

Kijana, hivyo ndivyo Shetani anavyonunua. Jana yako haina bei kwake. Anataka kesho yako. Yule mtu mzima anayekununulia chipsi na simu, yule rafiki anayekupa kete ya kwanza bure, wanachimba kiazi cha mwakani. Wakishamaliza, nani atalia? Si wao! Atalia mama yako. Watalia wadogo zako waliotegemea kula kwako. Basi usiseme maisha ni yako peke yako. Aliyeyapanda ni Mungu, na wako wanaoishi kwa sababu wewe upo.

Labda unasema, "Mtumishi, umechelewa. Mimi nimeshachimbwa, nimeshauzwa." Sikia habari njema! Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi. Haina akiba ya chakula ndani yake, kwa hiyo porini haiwezi kuota kwa nguvu zake. Mungu ameweka kuvu udongoni, na kuvu hiyo ndiyo inayoilisha mpaka iote. Hakuna okidi iliyojiotesha, na hakuna mtu aliyejiokoa! Yesu alimwaga damu yake msalabani kwa ajili ya wasio na akiba, kama mimi na wewe. Soma Mathayo 6:28-30 uone jinsi Mungu anayeyavika maua ya kondeni anavyokujali wewe zaidi.

Omba nami sasa, kwa sauti:

"Bwana Yesu, nimeuza kesho yangu kwa bei ya soda. Nimetenda dhambi. Nisamehe. Sina nguvu ya kujiotesha. Ingia moyoni mwangu, unilishe, unipande upya. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Umeomba? Mwambie aliyekupa karatasi hii, au nenda kanisa la watu waliookoka lililo karibu nawe. Usikae peke yako. Mbegu haioti mfukoni!

YESU ANAKUPENDA. NJOO LEO.