Chakula na Nafasi

Mtoto akiharibika, watu husema ni damu yake. Akitengenea, husema ni malezi yetu. Twawaomba wasomaji wasituone tumepotea njia tukilijibu neno hili kwa habari za seli, yaani vile vijichembe hai ambavyo miili yetu imejengwa navyo.

Wataalamu wa Marekani walichukua muhuri wa mpira, wakapiga nao chapa juu ya bapa, hata vikapatikana vijisiwa vidogo mno vya protini ambayo seli huweza kuishika. Penginepo seli haishiki. Mwaka 1997 walionyesha kwamba seli za mishipa ya damu zilizobanwa katika kisiwa kidogo zilikufa, na zilizopata kujinyosha ziliishi na kuongezeka. Je, si kwa kuwa kisiwa kikubwa kina protini nyingi? La. Waliigawa protini katika nukta ndogo ndogo zilizotawanyika, seli ikajinyosha kutoka nukta hii hadi ile, ikaishi. Kilichoiokoa si wingi wa kitu. Ni upana wa kujinyosha.

Mwaka 2004 yakaja makubwa zaidi. Seli za uboho wa binadamu, ambazo zilikuwa bado hazijawa kitu maalumu, zilitiwa katika maji ya lishe ya namna moja, yenye dawa za kuziita huku na huku. Zilizokaa katika mraba wa mikroni 32 kwa 32 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ziligeuka za mafuta. Za mraba wa 100 kwa 100 zikashika njia ya mfupa.

Mwenzetu mmoja katika darsa alisema: basi mwizi hana lawama, na ulaumiwe mtaa wake. Hatukukubali. Seli haiuoni mpaka wa kisiwa chake. Mtu huuona, na aweza kuuvuka, ijapokuwa kwa taabu. Lakini wala haturidhiki na baba ahesabuye karo na nguo alizonunua akadhani amemaliza, hali kijana wake nyumbani hana ruhusa ya kuuliza wala ya kukosea. Huyo ametoa chakula, nafasi hakutoa. Naye aliyeushika muhuri mkononi atasemaje kuwa ni damu?

Lipo jambo moja lililotushinda. Katika miraba ya ukubwa wa kati, seli nyingine zilikuwa za mafuta na nyingine za mfupa, na hali chakula ni kimoja na nafasi ni moja. Mwenzetu aliyemtetea mwizi alipolisikia hilo alinyamaza. Nasi tukanyamaza naye.