Rukhsa Hupimwa kwa Hali ya Mnyonge



Wako watu wadhanio kuwa kulegeza sharti wakati wa maradhi ni kuidhoofisha dini na kuishusha elimu. Dhana hii si sawa. Sharia yetu imemruhusu msafiri kupunguza sala, na mgonjwa wa Ramadhani kufungua, kisha akalipa siku nyingine. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipofika Sargh akapata habari kuwa tauni imeingia Sham, alifanya shauri na Masahaba, kisha akarejea na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa anakokwenda nako ni katika kadari yake.

Basi kuwa rukhsa ipo, halina shaka. Swali ni hili: rukhsa ikitolewa, ipimwe kwa hali ya nani?

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona. Siku mbili baadaye serikali iliamuru skuli zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa muda mpaka tarehe 20. Sisi wa pwani twakumbuka zaidi misikiti iliyofungwa. Lakini yafaa tuwatazame na wanafunzi. Vyuo vingi vilisema kuwa masomo hayatakatika, yataendelea kwa intaneti. Nia ilikuwa njema.

Na tuwafikirie vijana wawili wa darasa moja. Mmoja yuko Nairobi, na nyumbani kwao kuna kompyuta na mtandao. Wa pili amerudi kwao, vilimani nyuma ya Keroka, mji wa soko ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, katika njia iendayo Sotik. Kwao huishi kwa majani ya chai na ndizi. Ili alisikie somo, yampasa apande mlima kutafuta mtandao, na anunue bando kwa fedha za chakula. Wote wawili wamepewa rukhsa moja. Mmoja amepata wepesi. Wa pili ametuliwa mzigo mmoja akatwikwa mwingine.

Sharia haikufanya hivyo. Mgonjwa husali amesimama akiweza, asipoweza, huketi, asipoweza, hulala ubavu. Rukhsa humfuata mtu mpaka pale alipo. Na chuo chenye insafu nacho humwahirishia mtihani aliyeugua au aliyeuguza, humpelekea masomo ya karatasi asiye na mtandao, wala hakimdai hati ya daktari asiye na nauli ya kumfikia daktari.

Huenda mtu akasema: mlango huu ukifunguliwa, wavivu nao watapita. Ni kweli, watapita. Lakini je, kwa ajili ya msafiri mwongo tumewanyima wasafiri wa kweli rukhsa yao? Uwongo wa mwongo ni juu yake mwenyewe. Dhulma ya mnyonge aliyefungiwa mlango ni juu yetu sisi tulioufunga.

Jambo hili si la vyuo vikuu peke yake. Maradhi yaambukizayo yakiingia mtaani, madrasa zetu nazo zitapasiwa kuamua. Mwalimu asitosheke na kubandika tangazo mlangoni. Na aulize nyumba kwa nyumba nani hana kitabu, nani anauguza mzazi, nani hana wa kumsomesha. Kisha aanzie kwa huyo.

Mwenyezi Mungu atuafikie kuwapa watu wepesi wenye uadilifu. Amin.