KIU YA KIKOMBE NA KIU YA MWENZI

Bismillahi rrahmani rrahim.

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Mtu apatwapo na msiba hutafuta kitu cha kumpoza moyo. Huyu huifungua Kurani, huyu huwakusanya mkewe na wanawe, na huyu hunyosha mkono kwenye kikombe. Basi ni haki kuulizwa swali: yule aliyekishika kikombe siku za maradhi makubwa, alikuwa na kiu ya nini? Mwenye kujibu kwa haraka atasema: kiu ya pombe. Lakini jambo hili likipimwa kwa mizani ya akili na ya sharia huonekana kuwa na mlango wa pili, na mlango huo humfikia hata mtu asiyepata kuonja kileo maishani mwake.

Katika mwaka 2020 maradhi ya korona yalienea duniani kote. Huko Uingereza mabaa yalifungwa usiku wa tarehe 20 Machi, na siku tatu baadaye watu wakaamrishwa wakae majumbani mwao. Na yafaa ijulikane kwamba baa ya Kiingereza si mahali pa kununulia pombe tu. Ni baraza ya mtaa, ambapo mafundi na makarani na wazee waliokwisha acha kazi huketi jioni wakapashana khabari. Ilipofungwa baraza hiyo, marafiki wengi walianza kukutana kwa njia ya simu na mitambo: kila mmoja chumbani mwake, nyuso za wenzake katika kioo, na chupa yake mbele yake.

Mazungumzo yao, akiyasikia mtu wa mbali, ni upuzi mtupu. Mmoja husifu bia nyeusi, nzito, yenye ladha ya shayiri iliyokaangwa. Wa pili husema hiyo ni kama dawa ya kikohozi, yeye hutaka nyepesi ya rangi ya dhahabu, tena iwe baridi. Wa tatu huwacheka wote wawili, kwani kwake bia isiyo chungu si bia. Hubishana hivyo saa nzima. Lakini katikati ya ubishi huo hupenya maneno mengine: Mama amepata nafuu? Kazini wamekurudisha? Mbona juzi hukuonekana? Wakisha kujibiwa hurudi kwenye bia yao, kana kwamba hapakusemwa jambo.

Mwenye kusikiliza vyema hutambua kwamba yale ya bia yalikuwa ganda, na haya ya pili ndiyo kiini. Wanaume wengi wa kila taifa huona haya kumwambia mwenzao: nina khofu, niko peke yangu, usiniwache. Hutafuta neno jepesi la kuchukulia neno zito. Kwa watu wale chombo chao kilikuwa ni bia. Kwa watu wa pwani huwa ni mpira, au bei ya samaki, au khabari za pepo na vyombo.

Hapa watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: hao ni walevi, wala hapana cha kujifunza kwao. Kundi la pili husema: kumbe pombe nayo ina kheri yake, maana imewafariji watu siku ya dhiki. Kundi la kwanza limeharakisha, na kundi la pili limekosea hesabu. Kwani mambo mawili yakiwa pamoja mahali pamoja, mwenye akili hayatii katika jina moja mpaka ameyatenganisha akaona kila moja hufanya nini likiwa peke yake.

Na yatenganishwe, basi. Ondoa bia katika kikao kile uwawache marafiki, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Je, atakosa kuulizwa khabari za mamake? Hatakosa. Sasa ondoa marafiki uiwache bia. Jambo hili halina haja ya kudhaniwa, kwa sababu lilitokea, na hesabu yake imeandikwa. Katika mwaka 2019 watu waliokufa Uingereza kwa maradhi yaletwayo na pombe yenyewe walikuwa 7,565. Katika mwaka 2020 walikuwa 8,974. Na huo ndio mwaka ambao mabaa yalifungwa kwa miezi, huku maduka ya kuuzia chupa yakibaki wazi. Majilisi iliondoka, kikombe kikabaki, na vifo vikazidi. Sababu za vifo hivyo ni nyingi, na wengi wao walikuwa ni watu wenye kunywa sana tangu zamani. Lakini hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba kikombe kikiachwa chumbani na mtu aliye mpweke, hakimtunzi. Faraja ilikuwa ni ya mwenzi, na kikombe kiliikopa tu.

Wala Uislamu haukukanusha kwamba katika ulevi huonekana manufaa. Katika Sura ya Bakara yametajwa manufaa kwa watu katika ulevi na kamari, kisha ikabainishwa kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko hayo manufaa. Mwenye kukataza kwa kusema kwamba kitu hakina ladha wala mvuto wowote hasadikiwi na aliyekionja. Sharia haikusema hivyo. Ilikubali kwamba kuna faida, ikaipima, ikaonyesha kwamba bei yake ni kubwa mno.

Na khabari ya siku ile ulevi ulipoharimishwa yafaa kukumbukwa hapa, kwani nayo ni khabari ya marafiki waliokuwa pamoja. Amesimulia Anas bin Malik (r.a.) kwamba alikuwa akiwamiminia watu kileo cha tende katika nyumba ya Abu Talha, na miongoni mwao alikuwamo Abu Ubayda bin Jarrah. Mara wakapata khabari kwamba ulevi umekwisha kuharimishwa. Abu Talha akamwamrisha Anas akimwage, naye akakimwaga. Hawakungoja kumaliza kilichomo mikononi, wala hawakutuma mtu kwenda kuhakikisha. Ikawa katika njia za Madina kileo kinapita kama maji ya mvua.

Waliwezaje? Jambo moja lapasa kuzingatiwa. Katazo hilo lilishuka baada ya miaka kadha ya Hijra, hali mwanzoni mwa Hijra Mtume (s.a.w.) alikuwa amekwisha kuwaunga Muhajirina na Ansari undugu, huyu amkaribishe huyu nyumbani mwake na katika mali yake. Imani iliingia nyoyoni, undugu ukaingia majumbani, kisha katazo likafuata. Walipomwaga vikombe vyao hapana mmoja wao aliyebaki mpweke. Kileo kilimwagika, majilisi haikumwagika.

Ama penye katazo la askari peke yake, mambo huwa mengine. Afrika ya Kusini ilikataza kuuza pombe tangu tarehe 27 Machi 2020, ili hospitali zisijae majeruhi wa ulevi wakati zikiwangojea wagonjwa wa korona. Na kweli majeruhi walipungua. Hiyo ni faida isiyofichika. Lakini majumbani watu walinunua mananasi na sukari na hamira wakajipikia wenyewe. Katazo liliruhusiwa mwezi wa Juni, likarudishwa mwezi wa Julai, na mara zote kiu ilikuwa pale pale ikingoja mlango ufunguliwe. Amri ya serikali huweza kufunga duka; kuujaza moyo ulio mtupu si kazi yake.

Wala asijione salama mtu kwa kuwa nchi yake ni ya Kiislamu. Huko Iran, ambako pombe imekatazwa kwa sharia, katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2020 ulienea uvumi kwamba kunywa spiriti huua maradhi ya korona mwilini. Watu wakanywa iliyokuwa ya sumu, ya kazi za viwandani. Mamia walikufa, na wengine wakapofuka macho. Na Tariq bin Suwayd (r.a.) alikwisha kumwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kileo akasema kwamba hukitengeneza kwa dawa, akajibiwa kwamba hicho si dawa bali ni maradhi. Khofu iliwafanya watu wasahau waliyokuwa wakiyajua.

Basi sasa na aangaliwe tena Abu Ubayda, yule aliyekuwamo katika majilisi ya Abu Talha. Miaka ilipita, naye akawa amiri wa jeshi la Waislamu katika nchi ya Sham, na mwaka wa 18 wa Hijra tauni ya Amwas ikaenea huko. Khalifa Umar (r.a.) alikuwa safarini kwenda Sham; alipopata khabari ya tauni alishauriana na watu wake, naye Abdulrahman bin Auf akaeleza alivyomsikia Mtume akikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kuikimbia kwa aliye ndani yake. Umar akarejea Madina. Na husimuliwa katika tarikhi kwamba baadaye alimwandikia Abu Ubayda barua ya kumwita, apate kumwokoa. Abu Ubayda alifahamu makusudio yake, akaomba udhuru: yeye yu pamoja na jeshi la Waislamu, wala hakuona vyema kujitakia nafsi yake salama na kuwaacha wao. Akabaki nao, na tauni ile ikamfisha.

Mtu yule yule mmoja. Alipoambiwa aache kileo, alikiacha mara moja. Alipoambiwa aache wenzi wake, hakukubali. Katika mambo haya mawili ndimo ilimo jawabu ya swali lililoulizwa mwanzo. Kikombe ni kitu cha kuachwa, na mwenzi ni amana. Aliyeacha kikombe na mwenzi pamoja amefanya nusu ya kazi, na huenda ikawa ameacha ile nusu iliyo ngumu zaidi.

Na hapa ndipo swali lifikapo pwani. Katika mwezi wa Machi 2020 misikiti ya Mombasa ilifungwa pamoja na misikiti yote ya Kenya, na watu wakakatazwa kutoka usiku. Tarehe 6 Mei, nao ulikuwa mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1441, serikali iliufunga Mji wa Kale, asiingie mtu wala asitoke. Baraza za kahawa zikawa tupu katika mwezi ambao watu wamezoea kukesha pamoja. Walikuwako waliobeba vyakula wakaviweka milangoni mwa majirani, nao ujira wao uko kwa Mola wao. Lakini killa mtu na ajiulize nafsi yake: wale waliosimama kulia na kushoto kwake katika safu kwa miaka kumi, ni wangapi aliowapigia simu kuwauliza hali? Ni wangapi aliojua majina yao? Walevi wa Uingereza, kwa ubishi wao wa bia nyeusi na bia nyeupe, walitambua mwenzao asipoonekana siku mbili. Ni aibu ikiwa watu waliounganishwa na kibla kimoja hawakutambuana hata baada ya mwezi.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Katika mitaa ya pwani hakosekani kijana wa Kiislamu aliyeingia katika ulevi. Wakati wa afya hupitwa bila ya salamu. Wakati wa maradhi alifungiwa chumbani na chupa yake, wala hapana aliyebisha mlango. Wenye kumpita hudhani wamelinda dini. Lakini imepokewa kwamba mtu mmoja aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) amekunywa, akaadhibiwa kwa kupigwa, na alipokuwa akienda zake mmoja wa waliokuwapo alimwapiza. Mtume alikataza, akawaonya wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Adhabu ilitimizwa, na jina la ndugu halikuondolewa.

Atasema mwenye kusema: kumwendea mlevi ni kuuridhia ulevi wake. Jawabu ni kwamba tabibu hauridhii ugonjwa kwa kumwendea mgonjwa. Lililokatazwa ni kuketi pamoja naye kwenye kileo, ama kumjulia hali, kumpelekea uji, na kumwita kwenye kikombe cha kahawa, hayo ni haki za jirani. Na mtu aliyeachwa na wote isipokuwa walevi wenzake, atakwenda kwa nani ila kwao? Kila mlango wa mwema unaofungwa humsukuma kwenye mlango ule ule anaolaumiwa kwa kuuingia.

Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Maradhi ya korona yalipungua, misikiti ikafunguliwa, na baraza zikarudi. Maradhi mengine yatakuja, kwani dunia haikosi mitihani. Yapasa watu wa killa msikiti wajuane kabla ya siku hiyo: nani aishi peke yake, nani ana mzee asiyeweza kutoka, nani ameonekana akipepesuka usiku wala hana wa kumshika mkono. Mwenye kiu ya mwenzi akimpata mwenzi, aghlabu hukiweka kikombe chini kwa mkono wake mwenyewe. Na asiyempata, hata kikombe kikivunjwa, atatafuta kingine.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa ndugu siku ya afya na siku ya maradhi. Wabillahi ttaufiki.