Je, Tucheke Habari za Vita?



Magazeti ya zamani yana vichekesho kuliko vitabu vya hadithi, hasa yale ya wakati wa vita. Mwezi wa Agosti, 1914, gazeti la The Times la London liliwatangazia wasomaji wake ushindi wa manowari katika Ziwa Nyasa. Msomaji wa London, akinywa chai yake, bila shaka aliona akilini merikebu nyingi, moshi umetanda na mizinga inanguruma.

Kumbe mambo yenyewe yalikuwa hivi. Waingereza walikuwa na stima iitwayo Guendolen, na nahodha wake Rhoades. Wajerumani nao walikuwa na stima moja, Hermann von Wissmann, na nahodha wake Berndt. Manahodha hawa wawili walikuwa marafiki, na walizoea kunywa pamoja. Vita vilipotangazwa Ulaya, habari zilimfikia Rhoades kwanza. Akaenda mpaka Sphinxhafen, mahali ambapo leo ni Liuli, kwa ndugu zetu Waanglikana wa ziwani, akaikuta stima ya mwenzake imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, akaipiga mzinga. Inasimuliwa kuwa Berndt alirukia mashua ndogo, akavuta makasia kwa hasira hadi kwa Rhoades kumwuliza kama amelewa. Maskini, hakuna mtu aliyemwambia kuwa kuna vita! Akaambiwa pale pale, na pale pale akafanywa mfungwa.

Nimefundisha historia miaka mingi, wala sikupata darasa lililosikia kisa hiki lisicheke. Lakini nauliza: je, ni halali kwetu kucheka? Wako wanaosema damu ni damu, na mwenye kuicheka hana huruma. Wengine husema yaliyopita yamepita, waliokufa hawasikii. Mimi nasema kicheko hakina kosa, ila tutazame kinamwangukia nani. Zaburi ya pili yatuambia kuwa Mungu mwenyewe huwacheka wafalme wanaokutana kufanya shauri baya. Huwacheka wafalme; hatusomi kuwa anawacheka wanaokanyagwa na wafalme.

Kisa cha Nyasa, basi, mnaweza kukicheka bila wasiwasi, maana anayechekwa ni yule aliyekuza habari ya stima iliyokuwa nchi kavu. Lakini cha Tanga kinataka uangalifu. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, kuuteka mji wa Tanga, nao Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu. Katika mapigano nyuki wakatoka mizingani wakauma watu wa pande zote mbili, bila kuuliza mtu taifa lake. Waingereza wakashindwa, wakarudi melini. Kisha uvumi ukaenea kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki kwa hila. Kuwasingizia nyuki ili jemadari asilaumiwe ni jambo la kuchekesha sana. Lakini wale askari wa Kihindi walikuwa wametoka tu katika safari ndefu ya bahari, na mamia yao walikufa au kujeruhiwa katika mji ambao hata jina lake pengine hawakuwahi kulisikia. Habari ya nyuki imekaa vichwani mwetu, yao haikukaa.

Hapo ndipo ulipo ubaya, hata kuliko uongo. Kichwa cha habari ni kifupi, hakina nafasi ya watu wengi. Katika vita vile wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa njaa, baridi na kuhara kuliko kwa risasi. Wanunuzi wanaosongamana Kariakoo, Dar es Salaam, wanalitaja jeshi lao kila siku pasipo kujua. Askofu wetu Frank Weston alipoona watu wanachukuliwa kubeba mizigo, mwaka 1916 alikubali kuwaongoza wapagazi yeye mwenyewe, akaenda nao kwa miguu. Alipoandika waraka wa kuwashutumu Wajerumani kwa walivyowatendea Waafrika, Waingereza waliupokea kwa furaha. Mwaka 1920 akaandika tena, safari hii akiwashutumu Waingereza kwa kazi ya kulazimishwa. Furaha ikapungua.

Nasi Unguja tunacho kichekesho chetu. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zilianza kulipiga jumba la Sultani pale Forodhani, kwa sababu Khalid bin Barghash alikikalia kiti bila ridhaa yao. Baada ya dakika kama 38 mambo yakawa yamekwisha, na Khalid amekimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Hivi ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, nasi tunajivunia kama kwamba tulishinda mashindano.

Madereva wanaowaleta wageni hapa Mangapwani kuliona pango na chumba cha watumwa huwachangamsha njiani kwa kisa hicho. Mmoja wao nilimwomba afanye hesabu ya darasa la nne: waliouawa na kujeruhiwa jumbani walikuwa kama 500, gawanya kwa 38. Akanijibu, "Kumi na tatu kila dakika, Mwalimu." Upande wa Waingereza aliumia vibaya baharia mmoja. Kisa chake hakuacha kukisimulia, wala sikumtaka aache, ila sasa anaitia na hesabu hiyo. Ananiambia wageni wengine bado wanacheka, na wengine humwuliza watu wale walizikwa wapi.