Wavu Ule Ule

Wiki hii mzee mmoja wa usharika wetu alinijia na bahasha ya kaki. Ana miaka 58. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti chake cha majaribio ya ufundi wa umeme, gredi ya pili, cha mwaka 1989, kabla hata ya sheria ya 1994 iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa, akarudi kwao Kisarawe kulima mihogo na kuokota korosho. Cheti kikalala sandukuni chini ya kanga za marehemu mama yake.

Sasa anataka kuurudia umeme. Pita barabara ya Morogoro kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, utamwelewa: kila baada ya hatua chache kuna msingi mpya. Zamani zile vijiji vingi vya Kisarawe vililala na vibatari. Leo nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zimekatiza mashamba, na mkoani kwetu Pwani, kule Rufiji, limejengwa Bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Kazi ipo. Lakini alipoiomba huko Kibaha, kijana aliyepokea cheti alikigeuza mbele na nyuma, akamrudishia: "Mzee, hiki kimepitwa."

"Mchungaji," akaniuliza, "na mimi nimepitwa?"

Tulifungua Yohana 21. Petro naye alirudi kwenye kazi yake ya zamani, na wahubiri tumezoea kumlaumu kwa hilo. Mimi sioni mahali Bwana anapomkemea kwa kushika wavu. Usiku kucha hawakupata kitu. Alfajiri mtu aliyesimama ufukweni akawaelekeza upande wa kutupa. Hebu fikirini, mvuvi aliyekulia ziwani aelekezwe na mtu aliye nchi kavu, tena asiyemtambua! Wakatupa. Samaki 153, na wavu haukukatika. Ulikuwa wavu ule ule, na mikono ile ile. Kilichobadilika ni upande.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Katika umeme wa njia tatu aliojifunza yeye, nyaya za moto zilikuwa nyekundu, njano na bluu, na nyutro nyeusi. Katika utaratibu mpya, moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ndiyo bluu. Nyeusi na bluu zimebadilishana kazi! Na katika majengo yaliyoongezewa chumba baada ya chumba, fundi anaweza kuzikuta rangi zote mbili, za kale na za sasa, ukuta mmoja. Mkono unaoamini kumbukumbu peke yake unaweza kuua.

Ndiyo maana sikumwambia cheti chake kinatosha. Nilimshauri aende chuo cha VETA pale Kibaha aulizie utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi, ambao humpima fundi kwa kile anachokiweza, hata kama alikipata nje ya darasa. Akishapimwa, aulize masharti ya leseni ya mafundi umeme inayotolewa na EWURA, maana kufunga umeme wa watu bila leseni ni kuweka rehani nyumba zao na watoto wanaolala humo. Najua inauma, mtu mwenye wajukuu kukaa benchi moja na vijana na kusahihishwa mbele yao. Naomba vijana wetu walio kwenye fani hii wasimcheke. Mwazimeni vitabu vyenu. Mwonyesheni saketi breka za sasa, naye atawaonyesha namna ya kusikiliza swichi inayoungua kabla haijatoa moshi.

Alipoaga, alisimama mbele ya boksi la meni swichi la kanisa, lile ambalo limekuwa likinguruma tangu Pasaka. Akaomba tochi na tesita, na kijana wa kwaya aje amshikie. Akazima meni swichi, akafungua kifuniko. Akapima. Akapima tena. Kisha akamwita kijana asogee karibu, akamuuliza, "Hii nyeusi hapa, wewe umefundishwa ni ya nini?"