Mpanzi Hayumo Katika Wale Kumi

Muhula uliopita, katika somo la fiqhi ya miamala, mwalimu alitutajia hadithi ambayo wengi wetu tumeisikia tangu madrasa: kwamba Mtume (S.A.W.) amewalaani watu kumi kwa sababu ya pombe. Ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik. Mwalimu akawa anahesabu kwa vidole: anayeikamua, anayekamuliwa, mnywaji, mbebaji, anayebebewa, mnyweshaji, muuzaji, anayekula thamani yake, mnunuzi na anayenunuliwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilihesabu mara mbili nikimtafuta mtu mmoja, sikumpata. Aliyepanda mzabibu hayumo.

Nilifurahi, naungama. Nilikuwa na sababu ya kumtafuta, na sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nimwombe mhariri asiweke jina langu juu ya makala haya. Mjomba wangu, aliyenilea tangu baba alipofariki, analima bangi.

Kwetu ni Kasese, upande wa tambarare, chini ya milima ya Rwenzori. Wanaopajua wanajua joto lake. Zamani Mjomba alilima pamba kama majirani zake wote. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulipofurika ulichukua pamba yetu pamoja na udongo wake, ukatuachia mawe. Msimu uliofuata alikuja mtu nyumbani, jioni, na kopo la maziwa ya unga. Ndani hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na mbegu za ukubwa wa punje ya mtama, za kijivu zenye michirizi. Nilikuwa na miaka 11 na mimi ndiye niliyezifukia, kwa sababu vidole vya mtoto havifukii mbegu kwa kina kirefu.

Mmea wenyewe hausumbui. Mstari wa ikweta unapita jirani na kwetu, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, kwa hiyo mmea huu, ambao katika nchi za mbali husubiri siku zifupike ndipo utoe maua, kwetu hauna cha kusubiri. Kazi iko mwanzoni, jua linapotaka kuichoma miche ikiwa na majani mawili. Tuliifunika kwa nyasi kavu na kuificha katikati ya mahindi. Kazi nyingine huja baadaye, nayo nitairudia, kwa kuwa ndiyo iliyonivunjia hoja yangu.

Hoja yangu ilikuwa hii. Mjomba havuti. Hajawahi kuvuta. Anaswali, anafunga, na sukari ya chai ya msikiti wetu mwezi wa Ramadhani hutoka nyumbani kwake. Yeye anaweka mbegu ardhini, na anayeotesha ni Mwenyezi Mungu. Tena tumesomeshwa kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Ikiwa mwenye shamba la mizabibu hakuingizwa katika wale kumi, nani atamwingiza mwenye bangi?

Nikaenda maktaba kutafuta wa kuniunga mkono, na nikampata, tena si mtu mdogo. Imam Abu Hanifa alijuzisha kuuza maji ya zabibu kwa mtu anayejulikana kuwa atayageuza pombe, kwa kuwa maasia hayamo ndani ya kile kinachouzwa. Yanakuja baadaye, kwa kitendo cha mtu mwingine mwenye hiari yake. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakuafikiana naye. Kwetu sisi Mashafii, ukidhani tu kwamba mnunuzi atatengeneza pombe ni makruhu, ukijua ni haramu. Mahanbali wamekwenda mbele zaidi, wakasema mauzo yenyewe ni batili. Ipo pia riwaya ya Tabarani yenye kitisho kikali kwa anayezuia zabibu zake msimu wa mavuno ili amuuzie mtengeneza pombe. Ibn Hajar ameiona nzuri katika Bulughul-Maram, wengine wameikataa kabisa, nami sijengi juu yake. Abu Hanifa alinitosha. Siku ile nilitoka maktaba mwepesi.

Hapa niwatahadharishe kidogo wenzangu wa mwaka wa kwanza. Mkikutana na neno al-banj katika vitabu vya fiqhi, msidhani mmeipata bangi. Mara nyingi hilo ni jina la mmea mwingine wa kulewesha na kulaza, uliotumiwa na matabibu. Bangi yetu wanaiita hashishi. Nilipoteza wiki nzima kwa kosa hilo, nikifurahia ruhusa ambazo hazikuwa zangu. Kwenye hashishi yenyewe hakuna mlango mpana. Ibn Taymiyya ameipa hukumu ya pombe pamoja na hadi yake. Al-Qarafi alihitilafiana naye, akaiona kuwa inaharibu akili bila kuwa kileo hasa, kwa hiyo adhabu yake ni taazir, si hadi. Zarkashi ameiandikia kitabu kizima cha kuiharamisha. Wamegombana juu ya bakora, hawakugombana juu ya kuivuta akili ikaondoka.

Kwa hiyo mvutaji ana hukumu yake, hilo halina mjadala. Lakini mpanzi?

Likizo iliyopita nilimwendea Mjomba na hoja ya zabibu, nusu nikitaka kumtetea, nusu nikitaka anisaidie kujitetea. Hakuhitaji Abu Hanifa. Alikuwa na ya kwake. Akasema majirani huja kuomba majani ya kutibu kuku wao wasiokula, na kweli huja. Huko kwetu na sehemu nyingi za Uganda watu huwapa kuku bangi tangu kale. Akasema mmea una matumizi mia, kamba, mafuta, dawa, kama zabibu zilivyo na matumizi mia, na yeye hajui kila gunia linakoishia.

Ndipo nikaikumbuka ile kazi ya pili. Mmea huu una dume na jike, kila mmoja kwenye shina lake, na wiki za mwanzo huwezi kuitofautisha. Maua yakianza, dume hutoa vifuko vidogo na jike hutoa nyuzi nyeupe. Nikiwa mtoto nilitumwa kila asubuhi kukagua mistari na kung'oa madume. Nilipouliza kwa nini, Mjomba alinieleza: dume likiachwa, vumbi lake litajaza majike mbegu, na mnunuzi akikuta mbegu anashusha bei.

Kuku hashushi bei kwa sababu ya mbegu. Anayetaka mafuta anazitaka hizo mbegu. Anayetaka kamba anataka shina. Ni mvutaji peke yake anayetaka ua lisilo na mbegu. Mafakihi wanaita kitu kama hiki karina, alama inayoonyesha nia bila mwenyewe kuisema. Mwenye zabibu anaweza kusema hajui, kwa kuwa zabibu ya kuliwa na zabibu ya kukamuliwa zaweza kutoka kwenye tawi moja. Sisi kila dume tulilong'oa lilikuwa linasema tunajua. Nami nililing'oa kwa mkono wangu, nikilipwa maandazi.

Nilimwambia hivyo, kwa adabu niliyoiweza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyeishia darasa la nne. Akasema, "Mpwa wangu, ile kampuni ya hapa hapa Kasese, iliyolima ndani ya nyumba za plastiki kwa leseni ya serikali, haikutaka majike pia? Au Mungu anasoma leseni?"

Swali hili nimelizungusha kichwani kuliko swali lolote la mtihani. Rwanda nao, mwaka 2020, baraza la mawaziri liliidhinisha kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuzwa nje, huku mvutaji wa Kigali akiendelea kuwa mhalifu. Na sisi hapa Uganda tulishuhudia jambo la ajabu zaidi. Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya, katika shauri lililopelekwa na wakulima na wauzaji wa mairungi, kwa sababu Bunge liliipitisha bila kuhakikisha akidi imetimia. Bunge likaipitisha upya miezi michache baadaye. Wako vijana waliosherehekea katikati ya muda huo. Basi ikiwa haramu yangu inategemea hesabu ya wabunge waliokuwa vitini siku fulani, nina dini ya namna gani?

Nilimjibu Mjomba kwamba Mungu hasomi leseni, lakini anajua mzigo unakwenda wapi. Kama kweli unakwenda kwa mtengeneza dawa, basi illa imebadilika na hukumu inaweza kubadilika nayo. Mafakihi wetu wamejuzisha cha kulaza akili kwa anayekatwa kiungo. Mzigo wake yeye unachukuliwa usiku na mtu wa pikipiki asiyewasha taa. Akasema leseni ile inataka mtaji ambao kijiji chetu chote hakiwezi kuuchanga. Ni kweli, na ni dhulma, kwamba mmea ule ule unamtajirisha mwenye mtaji na kumfunga mwenye jembe. Sikuwa na jibu la dhulma hiyo. Ninachojua ni kwamba haiugeuzi mzigo wa usiku kuwa dawa.

Kuna kijana tuliyesoma naye madrasa, alikuwa akinishinda kuhifadhi. Leo anakaa kituo cha mabasi akizungumza na watu tusiowaona. Alivuta, hilo kila mtu anajua. Siwezi kusema bangi ndiyo iliyomwangusha, sembuse bangi yetu. Gunia haliandikwi jina la mkulima. Nimetambua, hata hivyo, kwamba kutoandikwa huko ndiko kunakotuwezesha kulala. Hata huku chuoni, mamia ya kilomita kutoka kwetu, nikisikia ile harufu nyuma ya bweni huwa nawatazama wanaovuta na kujiuliza.

Tena tukisema Mjomba ni mpanzi tu tunasema uongo. Hakomei kupanda. Anayakausha maua chini ya dari, kivulini, na ukikausha umemaliza kazi. Hakuna mwingine atakayeigeuza, kama zabibu inavyogeuzwa na mkamuaji. Sharti la Abu Hanifa, kwamba maasia yaje baada ya mkono mwingine kukibadilisha kitu, halipo. Mkausha bangi ndiye mkamuaji. Kisha anaibeba hadi barabarani. Kisha anaiuza. Ukipima kwa kiasi, katika wale kumi ana nafasi tatu.

Akabaki na hoja moja, ya dharura. Mwaka ule wa mafuriko sitamhukumu. Nyumba ilikuwa na watoto sita na mawe. Lakini dharura hupimwa kwa kiasi chake, na mawe yale yaliondolewa zamani, mahindi yanaota vizuri, pamba ingeota. Nikamuuliza, kwa miaka yote hii dharura imekuwa nini?

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Wewe," akasema. "Ada yako."

Ndugu zangu, nilikuwa nimehesabu wale kumi mara mbili nikimtafuta yeye. Sikuwa nimemtafuta mwanafunzi. Yumo. Yuko wa nane: anayekula thamani yake. Vitabu nilivyotumia kumpatia Mjomba hukumu vilinunuliwa kwa thamani hiyo. Nilimwendea sheikh mmoja, nikamweleza bila kutaja jina. Akaniambia niliyolishwa nikiwa mtoto hayana dhambi juu yangu, lakini sasa ni mtu mzima, ninajua, na nina mikono. Hakuniambia niache chuo. Hakuniambia niendelee. Nafikiri alitaka nisimwachie yeye mzigo wangu, nami nilikwenda pale kwa nia hiyo hasa.

Nimeanza kufundisha Kurani watoto wa mtaa wa jirani siku za Jumamosi na Jumapili, na usiku nachapa kazi za wenzangu kwa malipo. Hesabu nimeipiga: inanilipia chakula na chumba, ada haifiki hata robo. Nimeomba kulipa kidogo kidogo, sijajibiwa. Imebaki mihula miwili.

Siku ya kuondoka Mjomba alilitoa kopo lile chini ya kitanda, lile lile la maziwa, rangi imebanduka. Akaliweka mezani mbele yangu. Akasema mvua za Machi ziko karibu na mimi ndiye msomi wa nyumba, nimwambie apande nini na nani atalipa. Nilimwambia pamba. La pili sikulijibu. Kopo nililiacha pale pale mezani. Sikulichukua wala sikulimwaga, na hilo nalo ninajilaumu.

Alipiga simu wiki jana kusema mvua imeanza. Akaniuliza ada imebaki kiasi gani, nikamtajia.