Kuhamishwa Si Kushushwa



Katika kandanda ya Kimarekani, ichezwayo zaidi kwa mikono, Richard Sherman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa mshambuliaji, kazi yake kudaka pasi. Mwaka 2008 aliumia goti. Baadaye akahamia ulinzi, awazuie wadakaji. Mbio zao alizijua, maana alizikimbia mwenyewe. Mwaka 2011 timu ya Seattle Seahawks ilimchagua, wachezaji 153 wakiwa wamekwisha kutangulia kuchaguliwa. Februari 2014 akatwaa nayo ubingwa wa Marekani, 43 kwa 8.

Sisi tuliostaafu ualimu tulifundisha walimu chuoni. Leo twaombwa kusimama mlangoni pa kanisa na kuwaonyesha wageni viti. Twakiri, tulinung’unika. Lakini ni nani amtambuaye upesi mgeni mwenye hofu, kama si yule aliyepokea wanafunzi wapya miaka mingi?

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mwili na viungo vyake ili tusidharau kazi yo yote. Je, ndugu, wewe umehamishiwa wapi? Yale Bwana aliyokufundisha kule, anayahitaji hapa.

Bwana atupe moyo wa kupokea. Amina.